Pampu za Hidroliki za Vioo na Paa la Turubai kwenye Magari ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu hasa magari ya Marekani yaliyotengenezwa kati ya mwaka 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Humo ndimo pampu hizi zilimojaa, na ndimo pia makosa ya kununua pampu isiyo yake hutokea kila siku. Tuna ushauri mmoja kabla ya yote: usianze na jina lililoandikwa kwenye kibao. Anza na kazi ya pampu. Inasukuma oili upande mmoja au pande mbili? Inakula volti ngapi? Inaning'inia wapi? Pampu ikishindwa hapo, kibao chake hakikusaidii kitu.

Nitajuaje kama vioo vya gari langu ni vya hidroliki au vya mota ya umeme?

Sikiliza. Washa umeme, bonyeza swichi ya kupandisha kioo kimoja. Kama mngurumo unatoka mbali na mlango na ni uleule kwa kila kioo unachojaribu, hiyo ni pampu moja inayohudumia vioo vyote. Sasa bonyeza kushusha. Kwenye mfumo wa zamani wa hidroliki pampu haingurumi kabisa wakati wa kushuka. Utasikia "tak" ndogo ndani ya mlango, kisha kioo kinateremka kimya kimya. Hiyo "tak" ni vali ya solenoidi (koili ya umeme inayogeuka sumaku na kuvuta vali) ikifunguka, na kinachovuta kioo ni springi.

Mlango wenye mota ya umeme hunguruma mlangoni kwenyewe, kupanda na kushuka.

Ukitoa kava la mlango mashaka huisha: utaona silinda nyembamba ya chuma, hozi au bomba moja linaloingia chini yake, na solenoidi yenye waya imefungwa hapo hapo. Usitie mkono karibu na kioo wakati betri imeunganishwa. Springi hizo hazina huruma na vidole.

Ni magari gani yalikuwa na vioo vya hidroliki?

Packard ilitangulia, kwenye daraja la 180 la toleo la mwaka 1941. Baada ya vita kuu ya pili, General Motors (GM) iliusambaza mfumo wake kwa jina la Hydro-Lectric kwenye Cadillac, Buick na Oldsmobile, hasa magari ya turubai na yale ya bei ya juu. Pampu hiyohiyo ilisogeza pia kiti cha mbele na kukunja paa. Ford nayo ilikuwa na vioo vya namna hii kwenye baadhi ya magari yake ya turubai ya kipindi hicho.

Chrysler iliamua tofauti: Imperial ya mwaka 1951 ilitoka na vioo vya mota za umeme, na wengine wakafuata. Toleo la 1953 ndilo la mwisho kwa vioo vya hidroliki vya Cadillac, Buick na Oldsmobile. Kwa hiyo mtu akikuuzia "pampu ya vioo ya Cadillac 1958", ama amekosea mwaka ama anakuuzia pampu ya paa.

Je, kila paa la zamani linalojikunja lenyewe lina pampu?

Hapana, na watu wamewahi kutafuta pampu isiyokuwepo. Plymouth ya mwaka 1939, gari la kwanza kuuzwa na paa la turubai linalojikunja kwa nguvu, lilitumia mvuto wa hewa kutoka injini. Chevrolet ya 1940 ilikuwa hivyohivyo. Ukiona mpira mnene unaotoka kwenye manifoldi (bomba la kuingizia hewa) ya injini kwenda kwenye silinda mbili nyuma ya kiti, na hakuna tangi la oili popote, huo ni mfumo wa hewa.

Ford Skyliner ya 1957 hadi 1959, ile ya paa la bati linaloingia lote kwenye buti, haina hidroliki hata tone: ni mota 7 za umeme, skrubu ndefu na futi 610 za waya.

Lakini Lincoln Continental ya turubai ya 1961 hadi 1967 imechanganya yote mawili: oili husukuma paa na mfuniko wa buti, huku mota za umeme zikizungusha skrubu za kufungia. Ukisikia mota inazunguka kwenye gari hilo na hakuna kinachoinuka, usikimbilie pampu. Huenda kufuli moja tu halijafunguka na rilei (swichi inayowashwa na umeme) inayofuata inasubiri.

Niitafute wapi ndani ya gari?

Kwenye GM hadi 1953, chini ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Baadaye pampu ikahamia nyuma, chini au mgongoni mwa kiti cha nyuma, au ndani ya buti. Kuhama huku kulikuja na mabadiliko makubwa zaidi ya mahali, kama ifuatavyo.

Tofauti ya pampu ya njia moja na ya njia mbili ni nini hasa?

Hapa ndipo penye ufunguo wa utambuzi wote.

Pampu ya njia moja, yaani ya kizazi cha Hydro-Lectric, huzunguka upande mmoja tu maisha yake yote. Inatoa presha, na vali ndizo zinazoamua presha iende wapi. Ukipandisha kioo, swichi hufanya mambo mawili kwa pamoja: inawasha rilei ya pampu na kufungua solenoidi ya kioo hicho. Ukishusha, inafungua solenoidi peke yake, oili inarudi tangini ikisukumwa na springi. Mota ya pampu hii ina nguzo moja ya umeme, waya moja nene inayotoka kwenye rilei, na athi yake, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, ni bodi yenyewe.

Pampu ya njia mbili, iliyotawala kuanzia katikati ya miaka ya 1950, haijui habari za vali za milango. Inahudumia paa peke yake. Ina matundu mawili yanayofanana, kila moja likigawanyika kwenda silinda zote mbili: moja juu ya pistoni, jingine chini yake. Mota ikizunguka kulia paa linapanda, ikizunguka kushoto linakunjwa, na oili inahama kutoka upande mmoja wa silinda kwenda upande wa pili. Mota yake ina waya mbili za umeme pamoja na athi, kwa sababu ndani kuna koili mbili za fildi (koili zisizozunguka zinazotoa nguvu ya sumaku), moja kwa kila upande wa mzunguko.

Ukifunga pampu ya njia mbili kwenye gari la Hydro-Lectric, itanguruma vizuri, hata kioo kitapanda. Tatizo litajitokeza kwenye njia ya kurudi: tundu linalotakiwa kuwa la kupokea oili ya kurudi si mlango huru wa tangi, kwa hiyo vioo vinashuka kwa kusuasua au vinakwama katikati.

Volti 6 au 12: nitajuaje bila maandishi?

Kwanza mwaka wa gari. Cadillac, Oldsmobile na Buick za injini ya V8 zilihamia volti 12 kwenye toleo la 1953. Chevrolet, Pontiac na Packard zilifuata 1955, na magari ya Ford, Mercury na Lincoln mwaka 1956.

Angalia hesabu hiyo vizuri. Vioo vya hidroliki vya GM vinaishia 1953, na volti 12 inaanzia 1953. Maana yake pampu ya vioo ya GM ya volti 12 ilihitajika mwaka mmoja tu. Na mwaka huo ndio wa Cadillac Eldorado (yalitengenezwa 532), Oldsmobile Fiesta (458) na Buick Skylark (1,690), magari matatu yanayogombewa na wakusanyaji kwa bei kubwa, yote yakiwa na vioo vya hidroliki. Sasa unaelewa kwa nini pampu nyingi za volti 6 zimefungwa mota ya volti 12 na kuuzwa kama "halisi ya 1953". Si lazima iwe mbaya kikazi. Lakini bei ya halisi isilipwe kwa mseto.

Kama mota imeshafunguliwa, waya za koili za volti 6 ni nene na mizunguko yake ni michache. Ukiziona mara moja kando ya za volti 12 hutazisahau.

Muuzaji yuko mbali na ananitumia picha tu. Niombe picha zipi?

Omba sita, na usikubali tatu:

1. Sehemu ya matundu ya hozi, karibu kabisa, ionekane ni mangapi na yana ukubwa sawa au la.
2. Nguzo au waya za umeme. Nguzo moja ni njia moja. Waya mbili na athi ni njia mbili. Waya mbili bila athi, soma swali linalofuata.
3. Kibao au muhuri wa wino kwenye mota, hata kama umefifia.
4. Namba iliyoinuka kwenye chuma cha kusubu cha pampu. Hiyo haibandikwi.
5. Tangi: ni la bati au la plastiki? Tangi la plastiki linalopitisha mwanga ni dalili ya pampu ya kisasa ya kubadilishia. Za zamani tunazozungumzia zilikuwa na tangi la bati lililopakwa rangi.
6. Mabano na raba za kushikilia. Pampu hushikiliwa na raba ili mngurumo usipenye kwenye bodi. Raba ngumu iliyopasuka na kuacha alama ya mviringo kwenye bati ni ushahidi mzuri kuliko kibao kinachong'aa.

Kibao chenyewe kinaweza kutengenezwa upya, na kweli vinauzwa vibao vipya vya kupendezesha. Kwa hiyo tazama kama uzee wake unalingana na wa jirani zake. Kibao kipya juu ya rangi mpya, skrubu mpya na chuma kilichopigwa mchanga hakithibitishi chochote. Kibao kilichochubuka pembeni, rangi ikiwa imeliwa kwa mchirizi kuanzia kwenye kifuniko cha tangi kwenda chini, kina hadithi inayoeleweka: oili ya breki ilivuja hapo miaka mingi, nayo hula rangi.

Nina pampu mkononi lakini sijui mota yake ni ya aina gani. Nipime vipi?

Multimita inatosha. Weka kwenye kipimo cha ohm.

Pima kutoka kila waya kwenda kwenye ganda la mota. Waya mbili, na kila moja inaonyesha ukinzani mdogo sana kwenda kwenye ganda: ni mota ya koili mbili za fildi, yaani ya zamani. Hakuna njia kabisa kwenda kwenye ganda, ila kati ya waya na waya ipo: ni mota ya sumaku ya kudumu, ya kizazi cha karibuni. Thibitisha kwa kugusisha ncha ya bisibisi kwenye ganda; ya sumaku mara nyingi huivuta kidogo.

Kuna jaribio la pili linalowachanganya wengi. Geuza nguzo za betri kwenye mota ya koili, chanya kuwa athi na hasi kuwa waya: itaendelea kuzunguka upande uleule, kwa kuwa mkondo umegeuka kwenye fildi na kwenye amecha (sehemu ya mota inayozunguka) kwa pamoja. Ya sumaku hugeuza mzunguko. Kwa sababu hiyo magari ya zamani yenye athi chanya, kama Ford na Packard za volti 6, hayahitaji mota yenye koili za namna ya pekee, na fundi anayekwambia "pampu inazunguka kinyume kwa sababu betri imegeuzwa" kwenye mota ya koili amebahatisha.

Mota ya sumaku kwenye gari lenye nyaya za asili haitafanya kazi bila rilei mbili za kugeuza mkondo.

Niweke oili gani?

Ile ambayo sili (raba za kuzibia) zilizomo ndani zinaikubali leo, si lazima ile iliyowekwa kiwandani. Mifumo ya Hydro-Lectric ilijazwa oili ya breki, na raba zake zilichaguliwa kwa hiyo. Pampu na silinda nyingi za kisasa za kubadilishia zina raba za nitrili, zinazotaka oili ya gia otomatiki, ATF. Ukizichanganya, raba ya mfumo wa breki iliyoonja ATF huvimba na kulainika kama mkate uliolowa chai, inabana pistoni, kisha inachanika. Nitrili iliyowekwa kwenye oili ya breki nayo haina maisha.

Kabla ya kuongeza chochote, fanya jaribio la glasi. Nyonya matone machache kutoka tangini kwa bomba la sindano, uyadondoshe kwenye glasi ya maji safi. Oili ya breki ya kawaida, DOT 3 au DOT 4, inazama na kuyeyuka. Ukikoroga haionekani tena. ATF inaelea, na mara nyingi bado ina wekundu. Ikiwa inaelea bila kuyeyuka na ina rangi ya zambarau iliyopauka, huenda ni DOT 5 ya silikoni, ambayo warekebishaji wengi huipenda kwa kuwa haili rangi. Ikifanya yote mawili, sehemu imeyeyuka na sehemu inaelea, basi mtu alichanganya. Usiongeze kitu. Mfumo wote ufunguliwe, usafishwe, raba zote zibadilishwe.

Hozi za kitambaa za asili zihesabiwe kuwa zimekufa, hata zikionekana nzima.

Pampu nzima inatakiwa kutoa presha kiasi gani?

Kwa pampu za njia mbili za GM za miaka ya 1960, vitabu vya huduma vya Fisher Body, kitengo cha bodi cha GM, vinataka psi 340 hadi 380, sawa na bar 23 hadi 26. Tumia geji ya hadi psi 500. Ifunge kwenye tundu moja, ziba la pili kwa plagi, endesha mota sekunde chache tu, kisha badilisha. Matundu mawili yakitofautiana kidogo si kasoro, mradi yote yamo ndani ya kiwango.

Kabla ya kuilaumu pampu, pima volti kwenye waya wake ikiwa inafanya kazi. Kwenye gari la volti 12, ikishuka chini ya 10 shughulikia kwanza betri, rilei na hasa athi. Athi yenye kutu chini ya mabano imewauzia watu pampu nyingi wasizozihitaji.

Dalili hizi zina maana gani?

Vioo vyote na paa vinapanda polepole: oili pungufu, volti ndogo au pampu iliyochakaa, kwa mpangilio huo wa kuchunguza.

Kioo kimoja tu hakipandi na pampu inanguruma: solenoidi yake haifunguki, au waya umekatika kwenye mkunjo wa mlango. Huo mkunjo ni pa kwanza kutazama.

Kioo kinateremka chenyewe usiku: vali ya solenoidi ina uchafu na haizibi. Pampu haina kosa.

Pampu inazunguka kwa kasi na sauti nyembamba, hakuna kinachosogea: imevuta hewa, au kiungo kati ya mota na rota kimetoka.

Paa linapanda upande mmoja likipinda: zima mara moja. Silinda moja imekufa au hozi imebanwa, na ukiendelea utapinda fremu. Fremu ni ghali kuliko pampu.

Rangi imevimba chini ya pampu au zulia la nyuma limelowa: ni uvujaji, na kama ni oili ya breki osha kwa maji mengi siku hiyohiyo.

Ninajazaje na kutoa hewa?

Kwenye pampu za paa za njia mbili: inua paa hadi mwisho, toa plagi ya kujazia, weka kitambaa chini yake. Kimo sahihi ni ndani ya milimita 6 kutoka ukingo wa chini wa tundu. Jaza, rudisha plagi, shusha na inua paa mara moja, pima tena. Rudia mpaka sauti ya kukoroma iishe na kimo kisishuke. Mfumo uliokaushwa kabisa uandalie lita 1 mkononi. Pumzisha mota kati ya mizunguko. Haikuundwa kuzunguka mfululizo, na kwa mota ya volti 6 joto huja haraka zaidi kuliko unavyodhani.

Usipime kimo paa likiwa limekunjwa. Utaona tangi lina kiasi kingine na utajaza kupita kiasi.

Nikiifungua pampu ya GM ya njia mbili nitakuta nini?

Rota mbili, moja ndani ya nyingine, ya ndani ikiwa na meno machache kuliko ya nje. Kipira cha chuma kinachoshikanisha rota na shafti. Na vipira vidogo vya vali ya kuzuia kurudi. Ifungue ndani ya sinia lenye kuta, kwa sababu vipira hivyo vikidondoka sakafuni havionekani tena. Weka alama ya kalamu kwenye uso wa rota zote mbili kabla ya kuzitoa, zirudi zilivyokuwa. Mikwaruzo inayoshikika kwa ukucha kwenye bamba la vali maana yake presha haitafika kiwango hata ukiweka oringi (pete za mpira za kuzibia) mpya.

Mercedes 600 inaingia kwenye majibu haya?

Hapana. Gari hilo, lililotengenezwa kuanzia 1963 hadi 1981, linaendesha vioo, viti na hata mfuniko wa buti kwa oili yenye presha ya bar 150 hivi kutoka kwenye pampu inayozungushwa na injini. Ni zaidi ya mara tano ya presha ya pampu za Marekani. Usilifungue kwa mazoea uliyoyapata kwenye Buick, na usipeleke kidole popote kabla presha haijatolewa.

Nirekebishe ya zamani au ninunue mpya?

Kama gari ni la kutembelea, pampu mpya na hozi mpya zitakupa amani. Kama ni gari la kuuzwa au kushindanishwa, tengeneza ya asili hata ikibidi kusukwa koili upya, na kama imeshindikana ihifadhi kwenye sanduku liende pamoja na gari. Mnunuzi anayejua atauliza iko wapi.

Ukiisafirisha, mwaga oili yote, ziba matundu kwa plagi, na uiandikie muuzaji au mpokeaji ni oili gani iliyokuwemo. Tone lililobaki la ATF linatosha kumharibia mtu anayejaza oili ya breki.